Snooky Young na kazi ya tarumbeta ya kwanza

Wasikilizaji wengi wa jazi huwakumbuka wapiga tarumbeta waliosimama mbele kupiga solo. Mimi hufundisha upigaji wa tarumbeta katika bendi kubwa, na mwanamuziki ninayemtanguliza kwa wanafunzi wangu ni Snooky Young, aliyezaliwa Dayton, Ohio, mwaka 1919, ambaye karibu maisha yake yote alijipatia riziki kwa kupiga tarumbeta ya kwanza katika bendi za wengine.

Safu ya tarumbeta huwa na wapigaji wanne au watano. Wa kwanza hubeba sauti ya juu kabisa, na ndiye anayeamua nota ishikiliwe hadi wapi, ikatwe vipi, itetemeshwe kiasi gani na icheleweshwe kidogo kiasi gani nyuma ya mdundo. Wenzake humfuata, na mpiga dramu humtegea sikio ili pigo lake lishuke pamoja naye. Mengi ya hayo hayaandikwi katika karatasi ya muziki, na kwa hiyo bendi ileile, yenye nota zilezile, hubadilika mno akibadilishwa mtu huyu mmoja. Msikilize kiongozi wa bendi Count Basie na wenzake mwaka 1957, Young akiwa safuni, katika "Li'l Darlin'" ya mtunzi Neal Hefti: solo ni ya Wendell Culley, lakini uzuri wa kibao hicho, kwa maoni yangu, umo katika jinsi bendi nzima inavyosubiri pamoja bila kulegea. Kupiga polepole namna hiyo ni kugumu kuliko kupiga juu na kwa nguvu.

Young alijiunga na bendi ya Jimmie Lunceford mwaka 1939, akaingia na kutoka kwa Basie mara kadhaa, na kati ya mwaka 1947 na 1957 aliongoza bendi yake Dayton. Gharama za kusafirisha bendi kubwa zilipokuwa zimezidi mapato, studio ziliwapa watu wa aina yake mshahara wa uhakika: mwaka 1962 aliingia shirika la utangazaji la NBC mjini New York, kisha akadumu katika bendi ya kipindi chake cha televisheni, The Tonight Show, hadi mwaka 1992, huku akiwa miongoni mwa waanzilishi wa okestra ya Thad Jones na Mel Lewis.

Taifa lake lilimtunuku NEA Jazz Masters, heshima ya Marekani kwa wanamuziki wa jazi, ya mwaka 2009, miaka miwili kabla ya kifo chake. Albamu zilizotoka kwa jina lake ni chache. Anayetaka kumsikia ipasavyo hana budi kuzitafuta za Basie, na kuisikiliza sauti ya juu kabisa ya safu.