Je, wajua kwa nini kikosi cha skauti huanza bila jengo lake?

Ukiingia shule nyingi hapa Nakuru ukauliza makao ya maskauti yako wapi, huenda ukapelekwa stoo. Humo mna kamba, fito, sufuria iliyojaa masizi na skafu zilizokunjwa. Watoto wanaotumia stoo hiyo ndio hupandisha bendera Jumatatu na Ijumaa shule nzima ikiwa imesimama wima. Mbona basi hawana hata chumba chao?

Sababu ni ya tangu mwanzo. Agosti 1907, Robert Baden-Powell, mwanajeshi Mwingereza aliyeanzisha skauti, aliwachukua wavulana wapatao 20 hadi kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Wengine walitoka shule za matajiri, wengine walikuwa watoto wa vibarua. Akawachanganya, akawagawa makundi manne yenye majina ya wanyama na ndege, kila kundi na kiongozi wake mvulana. Walilala hemani, na alfajiri waliamshwa kwa baragumu ya pembe ya tandala aliyoitoa vitani kusini mwa Afrika.

Mwaka uliofuata mafunzo yake yalichapishwa, na hapo ndipo penye utamu. Wavulana hawakungoja kuitwa. Walijikusanya mitaani, wakachagua kiongozi, kisha wakatafuta mtu mzima wa kuwasimamia. Ofisi ya kuwaandikisha ilikuja nyuma yao. Kwa hiyo kiini cha skauti ni lile kundi dogo la watoto sita hadi wanane wanaojuana kwa majina, na kundi kama hilo hutosha chini ya mti.

Kenya skauti ilifika 1910, ikaanza na wavulana wa Kizungu. Kwa Waafrika ilienea hasa kupitia shule, nyingi zikiwa za misheni, ndiyo maana hadi leo vikosi vingi viko chini ya paa la shule au kanisa. Wakoloni walivitenga vikosi kwa rangi, ilhali sheria ya nne ya skauti yenyewe inasema skauti ni ndugu ya kila skauti mwingine. Mtoto wa Kiafrika aliyeikariri sheria hiyo gwarideni aliuona uongo huo waziwazi.

Makao makuu ya taifa yapo, tena yana msitu: kambi ya Rowallan, Nairobi. Ila Sungura, Chipukizi, Mwamba na Jasiri, yaani ngazi zote nne za skauti wa Kenya, hulelewa mashinani, kwenye majengo ya kuazima.

Kuazima kuna gharama yake, na hili linanikera. Kikosi humtegemea mwalimu mmoja. Akihamishwa, daftari la majina huondoka naye au hubaki kabatini mpaka mchwa walile. Kikosi kinachofufuliwa baadaye hujiona kipya, kumbe baba za watoto hao walifunga mafundo kwenye uwanja uleule.

Ukitaka historia ya kikosi cha mtaani kwako, anza na cheti cha usajili katika ofisi ya mwalimu mkuu. Kisha watafute maskauti wa zamani, uwaulize skafu yao ilikuwa rangi gani, nani aliwafundisha, na kambi walipiga wapi. Na kama wewe mwenyewe ulikuwa skauti Nakuru na bado una picha ya kambini, andika majina na mwaka nyuma yake, upeleke nakala shuleni muhula huu.