Programu ya miradi inajuaje kazi iliyobaki, na bajeti imepitwa kwa kiasi gani?

Ukifungua programu ya kusimamia miradi, kuna safu mbili ambazo wakubwa huzikimbilia kabla hawajasoma kitu kingine: kazi iliyobaki na tofauti ya bajeti. Moja inataja saa, nyingine inataja fedha. Zimepakwa kijani au nyekundu, zina desimali mbili, na kwa jinsi zilivyonyooka mtu hudhani kompyuta imeikagua kazi ikaipima. Haijakagua chochote. Imetoa namba moja kwenye nyingine, basi, na pale palipokuwa na ugumu kidogo ikagawanya. Cha kujua ni namba zipi zimetolewa, na ni nani aliyeziingiza.

Kazi iliyobaki huanza na makadirio. Mtu anasema shughuli hii itakula saa 40. Anayeifanya anaingiza saa 30 alizokwisha kutumia, na safu ya kazi iliyobaki inaonyesha 10. Ndivyo Microsoft Project inavyofanya, na Jira vilevile, kwani unapoandika saa zako humo, chaguo linalokuja lenyewe ni kupunguza makadirio kwa kiasi hichohicho ulichotumia. Hata kama saa zote 30 zimeishia kwenye kutafuta kosa ambalo bado halijaonekana, hesabu haibadiliki. Zimebaki 10.

Vichekesho huanza saa zinapopita makadirio. Jira huiacha kazi iliyobaki ikae kwenye sifuri. Project yenyewe, ukiingiza saa 50 kwenye shughuli iliyopangiwa 40, hupandisha jumla iwe 50, husema hakuna kilichobaki, na huandika kwamba shughuli imekamilika kwa asilimia 100. Yaani kadiri unavyoshindwa kumaliza kwa wakati, ndivyo programu inavyokuhesabia umemaliza.

Niliwahi kukaa kwenye mradi ambao shughuli moja, ya kuunganisha mifumo miwili, ilisoma asilimia 90 kwa wiki tano mfululizo. Mwenzetu aliyekuwa akiifanya hakuwa mwongo. Kila Ijumaa aliingiza saa zake, na kila Ijumaa meneja alipoona zinakaribia kuisha alimwongezea kidogo ili safu isisome sifuri. Saa zilizotumika na jumla ya saa vikawa vinapanda pamoja, na asilimia ikabaki palepale. Kwa wiki tano nzima hakuna aliyemuuliza swali lenyewe: kuanzia hapa ulipo, unahitaji saa ngapi umalize?

Swali hilo ndilo linaloipa safu ya kazi iliyobaki maana. Jibu likiwa ni 25, unaliingiza moja kwa moja kwenye safu hiyo na programu inaigeuza hesabu: 30 zilizotumika, jumlisha 25, jumla mpya ni 55. Kilichobaki sasa kimekadiriwa na mtu anayeiona kazi leo, si na yule aliyekaa kwenye kikao miezi mitatu iliyopita. Programu karibu zote zina nafasi ya kufanya hivyo. Wengi hawaigusi kwa sababu ile hesabu ya kutoa hujifanya yenyewe, na kinachojifanya chenyewe huonekana sahihi.

Tukija kwenye fedha, kosa linalofanana na hilo linarudi limevaa nguo nyingine. Njia ambayo kila mtu huanza nayo ni kulinganisha namba mbili: kiasi tulichopanga kutumia mpaka leo, na kiasi tulichotumia. Chukua mradi wa kuskani majalada 3,000 ya karatasi. Kila jalada limepangiwa gharama ya 100, kwa hiyo bajeti nzima ni 300,000. Muda ni wiki 10, majalada 300 kwa wiki. Wiki ya nne ikiisha, mpango unasema tuwe tumetumia 120,000. Mhasibu anasema zimetoka 108,000. Tumeokoa 12,000, tupigeni makofi.

Kabla ya makofi, nenda kahesabu majalada. Yapo 900 yaliyokamilika, wakati mpango ulitaka 1,200. Hapo ndipo inapoingia namba ya tatu, na dhana nzima ya tofauti ya bajeti imesimama juu yake: kazi iliyofanyika ingetakiwa kugharimu kiasi gani kwa bei ya mpango? Majalada 900 kwa 100 kila moja ni 90,000. Hii huitwa thamani iliyopatikana, na kwenye skrini huandikwa EV. Tumelipa 108,000 kwa kazi ya 90,000. Tofauti ya gharama ni 90,000 kutoa 108,000, yaani hasi 18,000. Tofauti ya ratiba ni 90,000 kutoa 120,000, hasi 30,000. Ile 12,000 tuliyodhani tumeiokoa ilikuwa fedha ya kazi ambayo haijafanyika.

Programu huzigeuza pia namba hizi kuwa uwiano. Thamani iliyopatikana ukiigawa kwa gharama halisi unapata CPI, kipimo cha ufanisi wa gharama: 90,000 kwa 108,000 ni 0.83. Ukiigawa kwa thamani iliyopangwa, ile 120,000 ya mpango, unapata SPI, kipimo cha ratiba: 0.75. Chini ya moja ni kubaya. Huhitaji kukariri zaidi ya hapo.

Makadirio ya fedha hadi mwisho yanatoka kwenye namba hizohizo, lakini hapa kuna siri ambayo ripoti haisemi kwa sauti. Hakuna jibu moja. Kanuni inayotumika sana hugawa bajeti nzima kwa CPI: 300,000 kwa 0.8333, yaani 0.83 kabla ya kukata desimali, ni 360,000. Ukitaka kuona hekima yake, rudi kwenye majalada. Kila jalada limetugharimu 120 badala ya 100. Kanuni inasema tu kwamba yale 2,100 yaliyobaki nayo yatagharimu 120 kila moja, yaani 252,000 juu ya zile 108,000. Kanuni ya pili ina moyo mwepesi. Inachukulia kwamba matatizo yameisha jana na kilichobaki kitafanyika kwa bei ya mpango, hivyo jibu lake ni 318,000. Ya tatu huchanganya CPI na SPI kwa kuwa mradi uliochelewa mara nyingi hulipia haraka zake kwa saa za ziada na watu wa kuongeza. Hiyo inatoa 444,000.

Kati ya 318,000 na 444,000 kuna shimo kubwa, na vyote vimetoka kwenye data ileile ya wiki ya nne. Programu imechaguliwa kanuni moja na mtengenezaji wake au na aliyeisanidi, halafu inakuonyesha jibu lake kana kwamba ndilo pekee. Binafsi sioni ubaya kuanza na ile ya kwanza, yenye jibu la katikati la 360,000, ila anayetaka kutumia ile nyepesi aeleze ni tatizo gani limeisha, na limeisha lini.

Kuna kipimo kingine ambacho hakipendwi kwenye vikao kwa sababu kinauma: TCPI. Kinauliza, ili tumalize ndani ya bajeti ileile, tunatakiwa tufanye kazi kwa ufanisi gani kuanzia leo? Kazi iliyobaki ina thamani ya 210,000 na fedha zilizobaki ni 192,000. Jibu ni 1.09. Timu iliyokuwa ikienda kwa 0.83 wiki nne zote inatakiwa kuanzia Jumatatu iende kwa 1.09. Mtu akisema bado tuko ndani ya bajeti, hicho ndicho anachoahidi.

Mtindo huu wa hesabu haukuanzia kwenye kompyuta za mezani. Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliuweka kuwa sharti kwa wakandarasi wake wakubwa mwaka 1967, ukiwa na vigezo 35, na mwaka 1998 ukawa kiwango rasmi cha viwanda kinachojulikana kama ANSI/EIA-748. Sababu ni rahisi kuelewa: serikali ilikuwa ikilipa ankara bila kujua imenunua nini mpaka hapo. Hata hivyo kanuni peke yake haikuwaokoa. Mradi wa ndege ya kivita ya A-12 ulifutwa na waziri wa ulinzi Dick Cheney Januari 1991, moja ya malalamiko yake yakiwa kwamba hakuna aliyeweza kumwambia kwa uhakika utagharimu kiasi gani zaidi. Uchambuzi wa mikataba ya ulinzi ya nchi hiyo uliofanywa baadaye kidogo ulionyesha kwamba mradi ukishafika kama asilimia 20, CPI yake ya jumla haisogei kwa zaidi ya 0.10, na ikisogea mara nyingi hushuka. Miradi ya aina nyingine si lazima ifuate mkondo huo, lakini ni jibu zuri kwa anayesema bado ni mapema, tutafidia mbele.

Sasa udhaifu. Majalada yanahesabika, lakini ripoti ya utafiti, au kipande cha programu, utasemaje kimefika asilimia ngapi? Thamani iliyopatikana ni bajeti mara asilimia ya ukamilifu, na asilimia hiyo huingizwa na binadamu. Ndiyo maana wengine hukataa maoni kabisa: kazi ambayo haijaisha ni sifuri, iliyoisha ni mia. Wengine hutoa 50 kazi ikianza na 50 ikiisha. Ni njia za kibabe, lakini kazi zikikatwa vipande vya siku chache zinafanya vizuri kuliko makisio ya Ijumaa jioni.

Project ina mtego wake hapo. Safu inayoitwa asilimia ya ukamilifu humo hupima muda wa shughuli, si kazi. Shughuli ya siku 10 ambayo siku tano za mwanzo ni kusubiri vifaa na tano za mwisho ndizo za kazi nzito, ikifika katikati husoma 50 hata kama hakuna mkono uliotoka jasho. Na usipobadilisha mipangilio, asilimia hiyohiyo ndiyo inayotumika kupiga thamani iliyopatikana. Ipo safu nyingine ya ukamilifu unaoonekana kwa macho, inayojazwa kwa mkono, lakini lazima uichague mwenyewe.

Mtego wa pili ni alama. Kwenye programu hiyohiyo, tofauti ya gharama ya kawaida ni gharama inayotarajiwa kutoa gharama ya mpango wa msingi, kwa hiyo chanya maana yake umepitiliza. Safu ya CV, ile tofauti ya gharama tuliyoipata kwa thamani iliyopatikana, huhesabiwa kinyume: hasi ndiyo mbaya. Zikiwekwa bega kwa bega kwenye ripoti moja, mtu mwenye akili timamu anaweza kushangilia hasara.

Na zote mbili ni bure kama hakuna mpango wa msingi, yaani nakala ya ratiba na bajeti iliyohifadhiwa kabla kazi haijaanza. Bila nakala hiyo programu haina cha kulinganisha nacho, na namba zitakazosomeka kwenye safu hizo hazitakuwa na maana. Ukihifadhi upya juu ya ile ya zamani kila mambo yanapoharibika, tofauti nayo inafutika. Project inaruhusu nakala 11, hivyo hakuna sababu ya kuifuta ya kwanza.

Limebaki jambo moja kuhusu SPI. Tuseme majalada yetu yanaendelea kwa mwendo uleule wa 225 kwa wiki. Jalada la 3,000 litaskaniwa wiki ya 14. Thamani iliyopangwa ilifika 300,000 wiki ya 10 ikakoma hapo. Iliyopatikana nayo inaifikia taratibu, na siku ya mwisho zinalingana. SPI inasoma 1.00, kijani kibichi, kwa mradi uliochelewa wiki nne. Walter Lipke, mtaalamu wa hesabu hizi za thamani iliyopatikana, alipendekeza mwaka 2003 kwamba ratiba ipimwe kwa muda badala ya fedha: kazi iliyofanyika mpaka leo ilitakiwa iwe imefanyika lini? Wiki ya nne tulikuwa na majalada 900, ambayo mpango uliyataka wiki ya tatu, kwa hiyo tulikuwa nyuma wiki moja. Siku ya mwisho tunayo yote 3,000, yaliyotakiwa wiki ya 10, nasi tuko ya 14. Kumi kwa 14 ni 0.71.