Safari saba za Sindbad kwenye karata 28: dhana potofu na ukweli

Dhana: Kuigeuza hadithi ya kale kuwa mchezo wa karata lazima uchapishe karata mpya zenye picha.

Ukweli: Pakiti ile ile ya barazani inatosha. Mchezo wa wahedi wa sitini una pointi 120: ree (A) 11, seti (saba) 10, mzungu wa nne (K) 4, wa tatu (J) 3, wa pili (Q) 2, mara aina nne. Bakisha hizo, ongeza sita na tano za kila aina, nyengine weka kando. Zinakuwa 28: watu wanne, wawili kwa wawili wakikaa mkabala, kila mmoja karata saba, mizunguko saba, sawa na safari za Sindbad Baharia. Pointi hazikupungua, na 61 bado ndiyo ushindi.

Dhana: Hadithi ya kale haina mwenyewe, chukua chochote.

Ukweli: Kisa chukua. Tafsiri na michoro ya juzijuzi ina wenyewe.

Dhana: Kiumbe mwenye nguvu apewe karata kubwa.

Ukweli: Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Rukhu, lile dege kubwa la safari za Sindbad, akiwa karata isiyolika, aliyegaiwa ameshashinda na wengine wanatupa magarasa tu, karata zisizo na pointi. Tazama safari ya pili: wafanyabiashara wanatupa mapande ya nyama bondeni, almasi zinanata, tai wanazipandisha juu. Ujanja wote umo kwenye nyama.

Basi uru, aina yenye alama ya almasi, iwe turufu siku zote, yaani aina inayokula nyengine zote. Ree ya uru ni almasi, tano ya uru ni nyama. Tano hiyo ni garasa, ila ikikutana na ree ya uru katika mzunguko mmoja, mwenye tano ndiye anayekula. Mwenye ree ataishikilia mpaka jasho limtoke, maana hajui nyama iko kwa nani. Sharti la kufuata aina libaki: ikitangulizwa kopa, mwenye kopa atoe kopa. Likilegezwa, ree inafichwa hadi mzunguko wa mwisho na mtego haufyatuki.

Kasoro moja: mara 2 katika kila migao 9, ree na tano za uru huangukia mkono mmoja, hazikutani kamwe. Mwenye nazo ampe tano jirani wa kulia, apokee karata yoyote atakayochagua jirani, kabla ya karata ya kwanza kushuka. Asimpe mwenzake wa mbele: zikikutana, pointi 11 zimebaki nyumba ile ile.