Ncha ya Sindano Ndiyo Inayokuponza

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alinijia na bodi ya redio ya FM anayoiunda mwenyewe. Lehemu ilikuwa imekaa juu ya miguu ya vipuri kama vidonge, bila kung'aa, na mahali pawili shaba ya bodi ilikuwa imebanduka kabisa. "Fundi, nimepandisha moto mpaka nyuzi 450 na bado haishiki," akaniambia. Nikamwomba anionyeshe pasi yake ya kulehemu. Ncha ilikuwa nyembamba kama sindano ya kushonea, nyeusi tii.

Karibu kila anayeanza kazi hii huanza na ncha hiyo. Pasi nyingi za bei nafuu utakazopata Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme Nairobi, huja zikiwa zimevishwa ncha iliyochongoka, na macho nayo hudanganya: mguu wa rezista ni mwembamba, basi utadhani ncha nayo yafaa iwe nyembamba.

Kazi ya ncha ni kupeleka joto kutoka kwenye hita hadi kwenye mguu na shaba ya bodi, na joto hupita pale vitu vinapogusana. Sindano hugusa kwa nukta moja tu. Shingo yake pia ni nyembamba, kwa hiyo ikishatoa lile joto kidogo lililokuwa mbele, la nyuma huchelewa kufika, kama tangi zima la maji linalopitia mrija wa kalamu. Mwanafunzi anangoja sekunde kumi, kumi na tano, kisha anapandisha moto. Flaksi, ile dawa iliyo ndani ya lehemu ya kusafisha viungo ili lehemu ishike, inaungua kabla haijafanya kazi. Ncha inashika ukoko mweusi, ukoko unazuia joto, naye anapandisha tena. Mwishowe gundi inayoshikilia shaba kwenye bodi inalegea, na hapo ndipo bodi huharibika. Inaniuma kuona kijana akiamini mikono yake ni mibaya, kumbe kifaa ndicho kilichomwangusha.

Nilimfungia ncha ya patasi yenye upana wa milimita 2.4, nikashusha moto hadi 330. Nikamwambia aulaze ubapa wake uguse mguu na shaba kwa pamoja, kisha aingize lehemu upande wa pili, si juu ya ncha. Sekunde mbili hivi, lehemu ikatambaa kuzunguka mguu na kung'aa. Alirudia viungo vinane bila kusema neno.

Wengi huniuliza kama patasi haitaunganisha miguu miwili ya IC, kile kipuri cheusi chenye miguu mingi. Miguu ya IC ya kawaida, ile inayopita kwenye matundu ya bodi, imeachana milimita 2.54, na patasi ina kona. Igeuze kidogo, tumia kona hiyo, utafika penye nafasi ndogo. Kwenye waya mnene au sehemu pana ya shaba ya grandi (njia ya pamoja ya kurudisha umeme), ilaze yote. Ukiweza kununua ncha ya pili, chukua pana zaidi kwa ajili ya grandi na waya za spika, milimita 3 au zaidi. Ncha ya kisu na ile iliyokatwa mshazari kama kwato ni nzuri, lakini zinaweza kungoja.

Kwa mafundi wa simu mambo ni tofauti. Wao hutumia ncha nyembamba sana chini ya hadubini, lakini pasi nyingi za namna hiyo zina hita na kihisi joto ndani ya ncha yenyewe, hivyo joto lililotumika hurudishwa mara moja. Usiige ncha yao ukiwa na pasi ya kawaida.

Tupa nayo imeua ncha nyingi sana. Mzee aliyenifundisha alikuwa akipiga ncha yake tupa kila asubuhi, na alikuwa sahihi, kwa sababu ilikuwa shaba tupu. Bati lililoyeyuka hula shaba kidogo kidogo, kwa hiyo ilimbidi airudishe umbo. Ncha za leo zina shaba ndani, kwa kuwa shaba hupitisha joto karibu mara 5 kuliko chuma, kisha zimefunikwa utando mwembamba wa chuma ili bati lisiifikie shaba. Ukipiga tupa au msasa umeondoa kinga hiyo, na baada ya muda utaona shimo likichimbika. Safisha kwa sponji iliyolowa na kukamuliwa vizuri, au kwa nyuzi za shaba ya njano zilizovingirishwa. Stilwaya ya sufuria iache jikoni.

Ukimaliza kusafisha, paka lehemu mpya papo hapo. Unapoizima pia, acha tone la lehemu mbele, kwa maana hewa ndiyo inayoitia ncha weusi ikiwa na moto. Hapa kwetu stima haikupigii hodi ikiondoka, kwa hiyo mimi huipaka kila ninapoirudisha kwenye stendi, hata kama narudi baada ya dakika moja.

Lehemu yenyewe pia inahusika. Ile ya bati 63 kwa risasi 37 huyeyuka kwa nyuzi 183, ni rahisi kwa anayeanza. Ila risasi ni madini yenye sumu, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kula. Isiyo na risasi, ya bati na shaba kidogo, hutaka 227, na hula utando wa ncha haraka zaidi. Umoja wa Ulaya ulizuia risasi katika vifaa vingi vya umeme kuanzia Julai 2006, ndiyo maana bodi nyingi za runinga zinazoletwa kwetu zina lehemu hiyo ngumu. Kwenye bodi hizo sindano haifui dafu.

Ukienda dukani, beba ncha yako ya zamani. Kuna zile zilizo na uwazi ndani, zinazovishwa juu ya hita, na kuna fimbo nzima inayoingia ndani ya hita na kubanwa kwa skrubu ya ubavuni. Hazibadilishani. Pasi nyingi zenye kirekebisha moto hutumia zile za uwazi, za familia ya 900M: ukiona 2.4D, D ni patasi. B ni ya mviringo iliyochongoka. I ndiyo ile sindano. Ijaribu palepale. Ikicheza juu ya hita, irudishe, maana nafasi ile ni hewa, na joto litapita kwa shida.