Kwa Nini Zeolaiti Hugeuka Kuwa Madini Mengine

Niliwahi kuacha zeolaiti A (zeolaiti ni madini ya silikoni, alumini na oksijeni yenye matundu madogo mno) usiku kucha katika mmumunyo moto wa hidroksidi ya sodiamu, na asubuhi nikakuta unga uleule mweupe ambao kwa macho haukuwa umebadilika hata kidogo. Kipimo cha eksirei, ambacho huonyesha mpangilio wa atomi kwa vilele kwenye pembe mbalimbali, kilisema vingine: kilele cha karibu na pembe ya nyuzi 7.2, ambacho ndicho alama ya zeolaiti A, kilikuwa kimefifia, na vilele vya sodaliti, madini ya jamii hiyo yaliyoshonana zaidi, vya karibu na nyuzi 14 na 24.5 vilikuwa vimeinuka.

Kwa kuwa vizimba vya sodaliti, yaani vyumba vidogo vya atomi vinavyoijenga, vimo pia ndani ya zeolaiti A, ni rahisi kudhani kwamba fuwele ilijikunja tu ikachukua umbo jipya. Katika mmumunyo wa namna hii, kwa kawaida sivyo. Hidroksidi hukata vifungo vinavyounganisha silikoni, oksijeni na alumini, fuwele ya zamani ikayeyuka kidogokidogo, na malighafi hiyohiyo ikajijenga upya juu ya viini vya sodaliti. Ndiyo maana muda, joto na ukali wa alkali huamua utakachokipata. Ukichelewa kuitoa zeolaiti, unaipoteza.

Chanzo cha mwelekeo huu wa kugeuka ni uwazi wa kiunzi cha atomi: kilicho wazi zaidi huwa si tulivu kama kilichoshonana. Katika ujazo wa angstromu 1,000 za mchemraba (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), fojasiti, zeolaiti yenye uwazi mkubwa, ina atomi takriban 13 za silikoni na alumini, sodaliti 17, analsimi, zeolaiti iliyoshonana zaidi, kama 18.5, na kwatzi, silika ya kawaida isiyo na matundu, 26.6. Hata hivyo tofauti ya nishati ni ndogo kuliko wengi wanavyotarajia: zeolaiti za silika tupu, zisizo na alumini, huizidi kwatzi kwa takriban kilojuli 7 hadi 14 tu kwa kila moli. Kinachozilinda ni ugumu wa kuvunja vifungo. Mwanakemia Wilhelm Ostwald alieleza mwaka 1897 kwamba mfumo hupitia kwanza hali zisizo tulivu sana kabla ya kufikia iliyo tulivu kabisa; mimi naichukua kauli hiyo kama mwongozo mzuri, si sheria.

Miamba hupita njia hiyohiyo, ila kwa mwendo wa taratibu mno. Kioo cha majivu ya volkano huweza kuzaa klinoptiloliti, zeolaiti ya asili, ambayo katika maji yenye sodiamu nyingi hugeuka kuwa analsimi. Mwamba ukizidi kufukiwa na kupata joto, analsimi huungana na kwatzi kufanya albiti, madini ya sodiamu yasiyo na maji, na maji yaliyokuwa yamehifadhiwa ndani ya matundu ya analsimi hutoka.