Kijana wa kwaya aliyeambiwa achague

Kazi yangu ni utafiti wa samaki wa Ziwa Tanganyika, na Jumapili naimba besi kanisani hapa Kigoma. Wiki iliyopita, baada ya mazoezi, kijana wa kidato cha sita alinifuata na kitabu mkononi. "Shikamoo, mwalimu. Humu wanasema nichague, biolojia au Biblia. Wewe ulichagua nini?"

Nilimwomba kitabu, nikakisoma kwa siku mbili.

Wazo lake ni la zamani. Mwaka 1874 John William Draper, mwanasayansi wa Marekani, alisimulia historia nzima kama vita vya dini na sayansi, na wanahistoria wa leo wengi hawakubaliani naye. Kesi ya 1633, Kanisa lilipomhukumu Galileo kwa kusema dunia inalizunguka jua, ni kweli, tena inauma. Lakini aliyepanda njegere akafumbua siri ya jinsi watoto wanavyorithi sifa za wazazi ni Mendel, mtawa.

Ninayempenda zaidi ni Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji. Mwaka 1927 alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unatanuka, kisha akafikia wazo tunaloliita leo Mlipuko Mkuu, kwamba ulimwengu ulianza ukiwa umesongamana sana, ukatanuka. Mwaka 1951 Papa Pius XII alihutubia kana kwamba wazo hilo linathibitisha uumbaji. Mimi ningeshangilia. Padri hakufurahi: kwake hiyo ilikuwa fizikia, isimame au ianguke kwa vipimo. Naona alikuwa sahihi kabisa. Ukiifunga imani kwenye nadharia, siku nadharia ikirekebishwa, utamwambia nini muumini?

Ndiyo maana vitabu vinavyotafuta kitabu cha Mwanzo ndani ya fizikia navisoma kwa tahadhari ileile ninayovisomea vile vinavyomkana Mungu kwa darubini.

Na huwa naanzia sura ninayoweza kuikagua mwenyewe. Kwangu ni samaki. Ziwa letu lina umri wa mamilioni ya miaka, na lina samaki wadogo wa kwenye mawe, jenasi ya Tropheus, wanaoogopa kuvuka eneo la mchanga. Basi kila kundi limebadilika peke yake: wa mwamba huu wana rangi yao, wa mwamba ule nyingine. Kitabu cha yule kijana kinazungumzia asili ya viumbe kurasa nyingi bila kugusa ushahidi wa aina hii hata mara moja.

Nilimjibu: "Mwanangu, mimi sikuchagua." Jumamosi tunashuka naye kwenye mawe, maji yakiwa yametulia. Nimemwambia aje na kitabu chake.