Je, wajua? Shakespeare na Cervantes wana tarehe moja ya kifo, ila hawakufa siku moja

Kila ifikapo Aprili 23 tunakumbushwa kwamba waandishi William Shakespeare wa Uingereza na Miguel de Cervantes wa Hispania walifariki siku moja, mwaka 1616. Tarehe ni moja kweli. Siku ni tofauti: kati yao kuna siku zisizopungua kumi.

Chanzo ni kalenda. Ile ya kale ya Juliasi, yaani ya Juliasi Kaisari wa Roma, iliongeza siku moja kila mwaka wa nne bila kuruka, na mwaka wake ukauzidi mwaka wa jua kwa dakika 11 hivi. Ni kidogo, lakini kufikia karne ya 16 usiku na mchana vililingana Machi 11 badala ya Machi 21. Papa Gregori XIII akazifuta siku kumi: mwaka 1582 Wahispania walilala Oktoba 4, wakaamka Oktoba 15. Uingereza, iliyokwisha kuachana na Kanisa la Roma, ilingoja hadi 1752. Basi siku aliyokufa Shakespeare, kalenda ya Hispania ilisoma Mei 3. Cervantes naye huenda alikufa Aprili 22, akazikwa 23.

Kalenda mpya ya Gregori huruka siku ya nyongeza katika miaka kama 1700, 1800 na 1900, hivyo pengo hukua. Kubadili tarehe ya Juliasi kuwa ya Gregori si kazi: ongeza siku 10 hadi Februari 1700, kisha 11 kwa karne ya 18, 12 kwa ya 19, na 13 tangu Machi 1900. Ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi, Oktoba 25, 1917 kwa kalenda ya Juliasi, huadhimishwa Novemba 7. Wengi hukosea kwa kuongeza 13 popote, au kuongeza juu ya tarehe ambayo mwandishi wa kitabu alishaibadili.

Angalia na mwaka. Kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza rasmi Machi 25, hivyo George Washington aliandikwa kuzaliwa Februari 11, 1731. Leo tunasema Februari 22, 1732.

Hata kalenda ikiwa moja, tofauti ya saa kati ya nchi na nchi inaweza kukupotosha. Japani ilishambulia Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, Desemba 7, 1941. Kota Bharu, katika Malaya (Malaysia ya leo), Wajapani walitua Desemba 8. Ukipanga kwa tarehe, Pearl Harbor inatangulia. Kwa saa halisi, Kota Bharu ilianza mapema kwa zaidi ya saa nzima.